Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Hasheem Thabeet na Timu Iliyokuwa Ikijijenga

Tarehe 25 Juni 2025, huko Brooklyn katika jiji la New York, kijana wa miaka 18 aitwaye Khaman Maluach, mzaliwa wa Rumbek, Sudan Kusini, aliyelelewa ukimbizini Kawempe mjini Kampala, alitajwa wa kumi katika uchaguzi wa wachezaji wapya wa NBA, ligi kuu ya mpira wa kikapu ya Marekani, uchaguzi ambao wapenzi wa mchezo huo wamezoea kuuita drafti. Ilisadifu kuwa miaka 16 kamili kabla ya usiku huo, tarehe 25 Juni 2009, katika jiji lilo hilo, kijana mwingine wa Afrika Mashariki, Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam, alitajwa wa pili, mbele ya vijana ambao baadaye dunia nzima iliwajua, akachukuliwa na Memphis Grizzlies, timu iliyokuwa imevunjika na kuazimia kujijenga upya. Sadfa ya tarehe peke yake si hoja, lakini imelirejesha barazani swali ambalo Watanzania tuliliacha bila kulijibu vema: je, kijana mwenye kimo na matumaini, ambaye bado hajakomaa, ataifaa timu inayojijenga, na timu hiyo itamfaa yeye?

Kwa muda mrefu swali hilo tumelijibu kwa hisia badala ya kulijibu kwa insafu. Wako wanaosema kwamba Thabeet alipewa bahati ambayo Mtanzania mwingine hajapata kupewa, akaipoteza. Na wako wanaosema kwamba alidhulumiwa na wageni waliomwita kisha wakamtupa. Kauli zote mbili zimezaliwa na mapenzi, ya kwanza mapenzi yaliyogeuka hasira na ya pili mapenzi yaliyogeuka huruma, wala hakuna mojawapo iliyochukua taabu ya kutazama jinsi kijana yule alivyokuwa siku aliyochaguliwa, jinsi timu ile ilivyokuwa, na nafasi gani ilikuwa wazi kwa ajili yake. Dai langu ni moja, nalo ni hili: Memphis ilimchagua Thabeet kwa ajili ya kimo chake, hali haikuwa na nafasi ya kumpanga wala muda wa kumsomesha, na timu iliyokosa vitu hivyo viwili, hata ikijiita timu inayojijenga, haistahili kukabidhiwa kijana aliyeuanza mchezo kwa kuchelewa.

Msomaji asiyeufuata mchezo huu ana haki ya kuelezwa kwanza kanuni yake. Katika NBA, tofauti na ligi zetu za kandanda ambamo klabu yenye fedha humnunua imtakaye, timu zilizofanya vibaya katika msimu uliopita ndizo hupewa fursa kubwa zaidi ya kutangulia kuchagua vijana wapya, na mpangilio wa watakaotangulia huamuliwa kwa bahati nasibu ili pasiwe na timu itakayojishindisha makusudi kwa tamaa ya kumpata kijana bora. Nia ya kanuni hiyo ni ya uadilifu, kwamba aliye chini ainuliwe. Walakini ndani yake mna hatari, kwa kuwa kijana mwenye sifa kubwa aghalabu hupelekwa penye viongozi waliokosea, wachezaji waliokata tamaa na mashabiki waliochoka kungoja, naye hupokewa kwa tumaini lile la mgeni njoo mwenyeji apone, ijapokuwa mgeni mwenyewe ndiye anayehitaji uangalizi kuliko watu wote wa nyumba ile.

Thabeet alizaliwa tarehe 16 Februari 1987. Hakuushika mpira wa kikapu kwa dhati mpaka alipokuwa na umri wa miaka 15 hivi, umri ambao kijana wa Marekani au wa Hispania anayeelekea kuwa mchezaji wa kulipwa huwa amekwisha kucheza miaka mingi chini ya macho ya walimu. Kutoka viwanja vya Dar es Salaam alikwenda Marekani kusoma, akamalizia sekondari huko Houston katika jimbo la Texas, na mwaka 2006 akaingia Chuo Kikuu cha Connecticut chini ya kocha Jim Calhoun, mwalimu mkali aliyekuwa amekwisha kutwaa ubingwa wa vyuo mara mbili. Kwa miaka mitatu kimo chake cha mita 2.21 kilikuwa ngome ya chuo hicho. Mwaka 2008, na tena mwaka 2009, alitangazwa kuwa mlinzi bora wa Big East, iliyokuwa miongoni mwa ligi ngumu kuliko zote za vyuo, na katika msimu wake wa mwisho wastani wake kwa kila mchezo ulikuwa pointi 13.6, ribaundi 10.8, yaani mipira iliyokosa kikapu akaidaka, na mitupo 4.2 aliyoizuia, timu yake ikafika nusu fainali ya taifa mjini Detroit. Hakuna Mtanzania aliyekuwa amefika huko kabla yake, na heshima hiyo haifutwi na lolote lililofuata.

Hata hivyo, dalili za upungufu zilikuwa dhahiri kwa aliyetaka kuziona. Februari 2009 Connecticut, iliyokuwa ikishika nafasi ya kwanza nchini, ilipambana na Pittsburgh, na aliyemkabili Thabeet chini ya kikapu alikuwa DeJuan Blair, kijana aliyepungukiwa na kimo cha Thabeet kwa sentimita 20 hivi, lakini mpana wa mabega na mzito wa nyonga. Katika kugombea mpira mikono yao ilinasana, Blair akavuta, na yule mlinzi bora akapinduka juu ya bega la mpinzani wake akaanguka sakafuni mbele ya mashabiki wa nyumbani. Mchezo ulipokwisha Blair alikuwa na pointi 22 na ribaundi 23, na Thabeet alikuwa na pointi 5. Kuanguka si aibu, kwa kuwa hakuna mchezaji asiyeanguka. Lakini siku ile ilifunuka kwamba miguu ya kijana wetu haikuwa imefundishwa kukunja goti, kupanua hatua na kuimiliki ardhi kabla mpira haujafika, elimu ambayo mtoto huipata kwa kulirudia jambo moja mara nyingi zisizohesabika akiwa na umri wa miaka tisa au kumi, wakati mwili haujarefuka wala haya ya kukosea haijawa kubwa.

Iko na sababu nyingine, ya kanuni, ambayo mazungumzo yetu ya vijiweni huisahau. Katika mpira wa vyuo mlinzi mrefu aliruhusiwa kusimama karibu na kikapu muda wote aupendao, akingoja wapinzani wamletee mitupo aizuie. Lakini tangu mwaka 2001 NBA humkataza mlinzi kukaa zaidi ya sekunde tatu ndani ya eneo lile lililopakwa rangi ikiwa hamlindi mtu aliye karibu naye. Kwa hiyo senta, yaani mchezaji mrefu wa katikati, hana budi katika NBA kutoka na kurudi, kutoka na kurudi, mchezo mzima, na wapinzani, wakimwona ni mzito wa miguu, humvuta mbali na kikapu kwa kumwekea vizuizi ili akutane uwanjani na mtu mfupi mwenye kasi ambaye yeye senta hawezi kumfuata. Sifa iliyomfanya Thabeet kuwa ngome huko Connecticut, yaani kusimama pale pale na kunyoosha mikono, ndiyo iliyopunguzwa thamani na kanuni ya ligi aliyoiendea, na sifa aliyotakiwa kuwa nayo badala yake ilikuwa ile asiyopata kufundishwa utotoni.

Sasa tuitazame Memphis yenyewe. Februari 2008 timu hiyo ilimtoa nyota wake, Pau Gasol, kwa Los Angeles Lakers, ikalaumiwa na wengi kwa kilichoonekana kuwa biashara ya hasara, na katika msimu wa 2008-09 ilishinda michezo 24 na kushindwa 58. Lakini ndani ya mapatano yale ilikuwa imepata haki ya kumchezesha mdogo wake Pau, Marc Gasol, senta aliyekuwa amecheza katika ligi ya Hispania tangu ujana wake, ambaye siku Thabeet alipochaguliwa alikuwa amekwisha kuumaliza msimu wake wa kwanza mjini Memphis katika nafasi ile ile. Baada ya wiki chache, Julai 2009, timu ikamchukua Zach Randolph kutoka Los Angeles Clippers, mtu ambaye kazi yake yote ilikuwa chini ya kikapu. Basi kabla kijana hajacheza mchezo wake wa kwanza, nafasi zote mbili za karibu na kikapu zilikuwa zimekwisha kukaliwa na wanaume waliokomaa, na yeye aliyechaguliwa wa pili kati ya vijana wote wa mwaka ule akabaki kungoja mmoja wao achoke.

Yaliyofuata yanajulikana, ingawa si wengi wanaoyapanga katika utaratibu wake. Katika msimu wa kwanza Thabeet alicheza michezo 68 kwa wastani wa dakika 13, akapata wastani wa pointi 3.1 na ribaundi 3.6. Februari 2010 alipelekwa kwa muda Dakota Wizards, timu ya ligi ya maendeleo, akawa mchezaji aliyechaguliwa nafasi ya juu kuliko wote waliopata kupelekwa huko hadi wakati ule, na magazeti yakaiandika habari ile kama hukumu, badala ya kuiandika kama masomo. Wakati huo huo Memphis ilikuwa ikipanda: ilishinda michezo 40 katika msimu wa 2009-10, na 46 katika msimu uliofuata. Februari 2011, ilipoona kwamba mlango wa hatua ya mtoano umefunguka, ilimpeleka Thabeet Houston Rockets ili impate Shane Battier, mlinzi mzoefu, na miezi miwili baadaye ikawatoa San Antonio Spurs, waliokuwa vinara wa kanda ya magharibi, ushindi wa kwanza wa aina hiyo katika historia yake.

Hapo ndipo penye ibra kubwa kuliko zote. Timu inayojijenga hutangaza kwamba ina miaka ya kungoja, lakini ushindi ukinukia, miaka hiyo hugeuka kuwa miezi. Viongozi hubadili hesabu, kocha hutaka watu wasiokosea, na kijana aliyekabidhiwa kwao ili alelewe huonekana ghafla kuwa mzigo, hali yeye hajabadilika wala hajavunja ahadi yoyote. Siwalaumu Memphis kwa kutaka kushinda, maana timu ya mpira haipo kwa kazi nyingine. Nawalaumu kwa kutoitazama mali waliyokuwa nayo tayari, kwa sababu ulinzi walioutafuta kwa Thabeet walikuwa nao ndani ya nyumba yao, na Marc Gasol ndiye aliyechaguliwa kuwa mlinzi bora wa NBA mwaka 2013. Walioorodheshwa nyuma ya Thabeet usiku ule, James Harden aliyekuwa wa tatu na Stephen Curry aliyekuwa wa saba, hutajwa kila mara ili kumdhalilisha. Lakini si haki kumpima mtu kwa kosa la waliomchagua, kwa kuwa yeye hakujiweka nafasi ya pili, aliwekwa.

Sisi wa Unyamwezi tunayo elimu ya jambo hili, wala hatuna haja ya kuiagiza ng'ambo. Kwihara, ninakoandikia, ndipo lilipo tembe alimokaa David Livingstone tangu Stanley alipomwacha tarehe 14 Machi 1872 mpaka tarehe 25 Agosti mwaka huo huo, akingoja wapagazi waliochaguliwa vema kutoka pwani, kwa kuwa alikwisha kuonja taabu ya kusafiri na watu wasiofaa. Njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Ujiji ilipita katika nchi hii, na biashara yake ilitegemea mabega ya Wanyamwezi, ambao kwao safari ya kwenda pwani na kurudi ilikuwa kipimo cha uanaume. Msafiri Burton, aliyefika Kazeh, Tabora ya leo, Novemba 1857, aliandika kwamba watoto wa Kinyamwezi wa umri wa miaka sita au saba walikuwa wakibeba pembe ndogo ya ndovu begani. Mzigo wa mtu mzima ulikaribia frasila mbili, yaani kilo 30 na ushee, na kati ya pembe ile ya mtoto na mzigo ule wa mtu mzima palikuwa na miaka mingi ya kuongezewa uzito kidogo kidogo, hata bega likaota sugu na miguu ikaijua njia. Kirangozi, yaani kiongozi wa msafara, mwenye akili hakumtwika mtoto pembe ya mtu mzima kwa sababu tu mtoto ni mrefu, kwa maana alijua kwamba hasara ya mzigo uliotupwa porini ni ya msafara mzima. Nafasi ya pili katika drafti ni pembe kubwa kuliko karibu zote, na ilitwikwa bega ambalo lilikuwa na miaka michache tu tangu libebe pembe ya kwanza.

Atasema msomaji: mbona Dikembe Mutombo alifaulu? Mutombo, mzaliwa wa Kinshasa, alifika Chuo Kikuu cha Georgetown mwaka 1987 akiwa na nia ya kusomea udaktari, akafundishwa na John Thompson, ambaye mwenyewe alikuwa senta wa Boston Celtics nyuma ya Bill Russell mkuu, na katika mazoezi ya kila siku alisukumana na Alonzo Mourning, kijana mwingine aliyekuwa akielekea kuwa senta mashuhuri. Denver Nuggets walipomchagua wa nne mwaka 1991 alikuwa na umri wa miaka 25, mtu mzima. Timu hiyo ilikuwa imeshinda michezo 20 tu kati ya 82 na ilikuwa na pengo kubwa katikati, wakamkabidhi nafasi siku ya kwanza, akacheza karibu dakika 38 kwa mchezo, akapata wastani wa pointi 16.6 na ribaundi 12.3, na akaitwa katika mchezo wa nyota wote. Pamoja na hayo yote Denver ilishinda michezo 24 tu mwaka ule, ongezeko la minne, wala haikumtupa. Ikaendelea kujenga juu yake, na mwaka 1994, ikiwa timu ya nane katika kanda yake, ikaifungisha virago Seattle iliyokuwa imeshinda michezo 63, na picha ya Mutombo amelala sakafuni ameukumbatia mpira kwa mikono miwili ikaenea duniani kote. Mgeni alimponya mwenyeji, lakini mwenyeji alikuwa amemwandalia kiti, na mgeni alikuwa amekuja na umri wake.

Wako watakaopinga zaidi kwa kumtaja Hakeem Olajuwon wa Lagos, ambaye naye hakuushika mpira wa kikapu mpaka alipokuwa kijana mkubwa, na ambaye Houston Rockets walimchagua wa kwanza mwaka 1984 hali wanaye tayari Ralph Sampson, mrefu wa mita 2.24. Pingamizi hiyo ni ya nguvu na inastahili jibu. Kwanza, Olajuwon alikuwa amelinda lango katika mpira wa mikono na kucheza kandanda huko kwao, na miguu yake ilikuwa imekwisha kupata elimu ya hatua za haraka kabla kikapu hakijamfikia. Pili, Houston haikumweka nje angoje. Ilimhamisha Sampson kutoka nafasi ya senta ili kumpisha, ikabadili mchezo wake mzima kwa ajili ya kijana mmoja, na mwaka 1986 ikafika fainali. Vilevile Joel Embiid wa Kamerun, aliyeuanza mchezo kwa kuchelewa na kuchaguliwa wa tatu na Philadelphia mwaka 2014, alikosa misimu miwili mizima kwa maradhi ya mguu, na timu ile, iliyoshinda michezo 10 tu katika msimu wa 2015-16, ikavumilia kejeli na kumngoja, naye mwaka 2023 akachaguliwa mchezaji bora wa ligi nzima. Mifano hiyo, kwa hiyo, inaunga mkono dai langu: kuchelewa kuanza kunafidika, ila fidia yake hulipwa kwa nafasi na kwa muda, na vyote viwili viko mikononi mwa timu.

Wala si kwamba Thabeet hakuwa na sehemu yake katika habari hii. Mchezaji wa kulipwa ana wajibu wa kuujenga mwili wake na kuunoa mkono wake hata asipopangwa, na wenzake wengi waliokaa benchi walitoka wakiwa bora kuliko walivyoingia. Baada ya Houston alipita Portland, kisha akakaa misimu miwili Oklahoma City, katika timu ya washindani wakubwa ambamo dakika zilikuwa chache, akamaliza NBA akiwa amecheza michezo 224, na baadaye akaupeleka mchezo wake Japani na Taiwan. Mtu aliyekubali kuvuka bahari mara kwa mara ili aendelee kucheza, akiwa amekwisha kupata fedha za kumtosha, hawezi kusemwa kwamba hakuupenda mpira. Alichokosa ni miaka ile mitano au sita ya utotoni, na hakuna kocha awezaye kumrudishia mtu utoto wake, hasa kocha anayetakiwa kushinda Jumanne usiku.

Tumrudie sasa Maluach, maana hukumu ya jambo lililopita ina faida ikiwa itaongoza jambo lililopo. Phoenix Suns, walioipata haki ya kumchukua katika biashara iliyompeleka Kevin Durant Houston, walikuwa wametoka katika msimu wa michezo 36 ya kushinda na 46 ya kushindwa, na walikuwa wakianza ujenzi mwingine. Usiku ule ule wa drafti walimleta pia Mark Williams kutoka Charlotte, senta kijana aliyekwisha kuizoea ligi. Ukiitazama hali hiyo juu juu utasema historia ya Memphis inajirudia: mrefu mmoja amechaguliwa, na mrefu mwingine amewekwa mbele yake. Nami nasema kufanana huko kupo, lakini mizani haiko sawa, kwa sababu tatu.

Ya kwanza ni kwamba Maluach aliyafikia majukumu makubwa kwa ngazi. Aliuanza mchezo akiwa na umri wa miaka 13 hivi, akachukuliwa katika akademia ya NBA huko Saly, Senegal, ambako masomo na mazoezi huenda pamoja, akacheza Ligi ya Afrika ya Mpira wa Kikapu, BAL, kwa klabu za Sudan Kusini, Senegal na Uganda kwa nyakati mbalimbali, akaivaa jezi ya Sudan Kusini katika Olimpiki ya Paris mwaka 2024 akiwa na umri wa miaka 17, kisha akapita Chuo Kikuu cha Duke kwa mwaka mmoja. Thabeet hakuwa na akademia ya kumpokea wala BAL ya kumpima, kwa kuwa ligi hiyo ilianza mwaka 2021. Ya pili ni kwamba nafasi ya kumi haina deni la nafasi ya pili. Mashabiki humngoja mtu wa kumi, lakini mtu wa pili humdai. Ya tatu ni kwamba ligi ya maendeleo siku hizi si jela ya walioshindwa, bali ni madrasa wanayopita vijana wengi wa raundi ya kwanza, na kupelekwa huko ili kupata dakika 30 za mchezo ni bora kuliko kukaa benchi kwa fahari ya kuvaa jezi ya timu kubwa. Kwa hiyo hukumu yangu ni kwamba Maluach anaifaa Phoenix na Phoenix inamfaa, kwa sharti moja: siku timu hiyo itakapoanza kushinda, isimtazame kuwa sarafu ya kununulia mtu wa miaka 32.

Na vijana wetu watakaofuata, na wazazi na wasimamizi wao, wajifunze kuuliza maswali matatu kabla ya kufurahia ukubwa wa nambari. Nani anacheza nafasi yangu katika timu hiyo, na ana umri gani? Nani atanifundisha kila siku, na yeye mwenyewe aliwahi kuicheza nafasi hiyo? Na je, viongozi wa timu wana mkataba wa miaka ya kutosha kuwawezesha kuningoja, au wao wenyewe wako mguu nje mguu ndani? Mchezaji hana uwezo wa kuchagua timu katika drafti, lakini ana uwezo wa kuchagua mwaka wa kuingia, na mwaka mmoja zaidi wa kukomaa ni urithi mkubwa kuliko fahari ya usiku mmoja.

Lakini deni kubwa zaidi ni letu hapa nyumbani. Tunao vijana warefu Tabora, Shinyanga na Mwanza, na aghalabu mwalimu wa michezo humgundua kijana akiwa kidato cha pili au cha tatu, kwa sababu amegonga kichwa kwenye kizingiti cha darasa, ndipo humpa mpira na kumpeleka mashindano ya shule za sekondari, UMISSETA, akiwa tayari na umri ule ule alioanza nao Thabeet. Wahenga walituusia samaki tumkunje angali mbichi, nasi tunangoja akauke ndipo tukatafute mkunjaji Marekani. Goli la watu wazima lina kimo cha mita 3.05, na mtoto wa darasa la tatu akilitazama hukata tamaa au hujifunza kuurusha mpira kwa nguvu za kiuno bila ufundi wowote. Ndiyo sababu shirikisho la dunia, FIBA, limeweka kwa watoto goli la mita 2.60 na mpira mdogo wa namba 5. Vitu hivyo havihitaji ukumbi wala mfadhili wa ng'ambo: fundi wa kuchomelea wa Tabora mjini aweza kutengeneza pete na nguzo yake kwa siku moja, na uwanja wa udongo ulioshindiliwa vizuri unatosha kumfundisha mtoto kukunja goti na kupanua hatua.

Nawaomba, basi, Shirikisho la Mpira wa Kikapu Tanzania, halmashauri za mkoa huu, wakuu wa shule za msingi na kila mzazi mwenye mtoto aliyeanza kurefuka kuliko wenzake: mwaka huu tuanze na goli moja la mita 2.60 katika kila kata, na mwalimu mmoja aliyefundishwa kulitumia.